Pumzi na Habari za Tumbo: Historia ya Kipimo Kilichofika Kivu

Mwaka 1991, nchi iliyo ng'ambo ya mto wetu wa Rusizi ilipokuwa bado ikiitwa Zaire, mtaalamu wa vijidudu kutoka Ubelgiji, Youri Glupczynski, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu matumbo ya watu wa vijiji vya Kivu. Wagonjwa walimezeshwa mpira wenye taa, madaktari wakatazama ndani ya tumbo na kumtafuta bakteria mmoja aliyekuwa bado mgeni katika vitabu vya tiba, Helicobacter pylori. Mwaka uliofuata walichapisha utafiti wa pili. Huu ulilinganisha njia ya kuingia tumboni na njia nyingine ambayo haimchomi wala haimkati mgonjwa: anameza kitu kidogo, anasubiri, kisha anapuliza.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa ametutaka tuandike juu ya kitu kimoja kilichotoka mbali kikafika kando ya Ziwa Kivu. Wenzangu walishachukua kahawa, saruji ya Bugarama, vitenge, na Kiswahili chenyewe. Nilipowaambia kwamba mimi nitaandika juu ya kupuliza, mmoja aliniuliza kama baadaye nitaandika pia historia ya kupiga miayo. Nilimwacha acheke. Katika mji huu sijui nyumba isiyokuwa na mtu anayelalamika tumbo, wala kabati lisilokuwa na dozi iliyobaki ya dawa za kuua bakteria. Anayemeza dawa hizo anataka kujua jambo moja tu: zimefanya kazi? Pumzi ni mojawapo ya njia chache za kuwauliza bakteria wenyewe.

Waganga wa kale walinusa midomo ya wagonjwa, na hilo lipo katika tiba za mataifa mengi, kwa hiyo sitakaa hapo. Katika karne ya 18 Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwamba hewa tunayotoa si ile tuliyoivuta. Ndani yake imeongezeka hewa ya ukaa inayotokana na kuungua kwa chakula mwilini. Baadaye, mwaka 1971, Mmarekani Linus Pauling alitangaza kwamba katika pumzi ya mtu wa kawaida amehesabu vitu vipatavyo 250. Lakini kwa habari za tumbo, mwaka wa kukumbukwa zaidi ni 1969. Mwaka huo daktari Michael Levitt wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu gesi ya haidrojeni inavyotengenezwa mwilini na inavyotoka.

Hoja yake ni rahisi, na nadhani ndiyo maana ina nguvu. Seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni. Bakteria wa utumbo wanaitengeneza wanapochachusha mabaki ya chakula ambayo sisi tumeshindwa kuyayeyusha. Sehemu ya gesi hiyo hupenya kwenye damu, damu huipeleka kwenye mapafu, na mapafu huitoa nje. Kwa hiyo haidrojeni yoyote iliyotengenezwa ndani ya mtu na kutoka mdomoni mwake ni kazi ya bakteria. Hakuna haja ya kumpasua mtu ili kujua kama bakteria wake wako kazini.

Kabla kidogo ya Levitt kulikuwa na kazi ya mwanamke mmoja ambaye mtu wa Rwanda angempenda, kwa sababu kazi hiyo ilipita kwenye maharagwe. Doris Calloway, mtaalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alichapisha mwaka 1968, pamoja na mwenzake Murphy, makala ya kutumia hewa inayotoka kwenye mapafu kupima gesi ya matumbo. Sababu mojawapo ya utafiti wao ilikuwa safari za anga. Haidrojeni na methani zinawaka moto, na wanaanga wamefungiwa kwenye chumba kidogo. Ilibidi kujua kila mmoja atazalisha gesi kiasi gani akila vyakula vya safarini. Huku kwetu, ambako sahani bila maharagwe huitwa chakula kwa heshima tu, hatukungoja roketi ili kulijua tatizo hilo.

Hapa ndipo dawa zinapoingia. Mwaka 1966 watafiti wawili, Richards na Steggerda, walionyesha kwa mbwa kwamba dawa za kuua bakteria zinazuia gesi katika utumbo. Mwaka 1972 Murphy na Calloway walichapisha utafiti wa namna hiyo kwa binadamu: dawa zinabadilishaje wingi na aina ya gesi inayotokana na maharagwe? Mwaka 1978 T. Gilat na wenzake waliandika katika jarida la Gut jinsi mabadiliko ya bakteria wa utumbo mpana yanavyokigeuza kipimo cha haidrojeni. Jambo lililoanza kama swali la gesi likawa swali la dawa. Kama pumzi ni sauti ya bakteria, basi dawa inayowapiga itasikika katika pumzi. Mtu aliyekuwa akitoa haidrojeni nyingi baada ya kunywa sukari fulani anaweza, baada ya dozi, kutoa kidogo sana au asitoe kabisa. Ndiyo maana leo mgonjwa anayetaka kupimwa pumzi ya haidrojeni huulizwa kwanza kama amemeza dawa za aina hiyo katika wiki 4 zilizopita. Akiwa amemeza, huambiwa arudi siku nyingine.

Lakini ukimya wa pumzi una maana zaidi ya moja. Ili kulieleza hilo vizuri naomba msomaji atazame ziwa letu.

Chini kabisa ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinakaribia mita 500, zimelala gesi mbili kwa wingi wa kutisha: kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 hivi za methani. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia methani hiyo katika miaka ya 1960, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt kule Karongi unaigeuza kuwa umeme. Sehemu ya methani hii imetengenezwa na viumbe wadogo sana ambao hawahitaji oksijeni. Baadhi yao huchukua haidrojeni na hewa ya ukaa, wakaziunganisha, wakatoa methani. Ndugu zao wanaishi katika utumbo wa binadamu. Anayejulikana zaidi huitwa Methanobrevibacter smithii. Mwaka 1971 Levitt na wenzake Bond na Engel walionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watu wazima waliowapima walikuwa wakitoa methani kwa pumzi. Kwa hiyo mtu anayevuka daraja la kwenda Bukavu asubuhi anaweza kuwa amebeba kifuani gesi ileile iliyo chini ya maji anayoyatazama.

Viumbe hawa wanaharibu hesabu rahisi. Kwanza, wanakula haidrojeni. Mtu mwenye wengi wao anaweza kupuliza haidrojeni kidogo, si kwa sababu bakteria wake wamekufa, bali kwa sababu gesi imeliwa kabla ya kufika kwenye damu. Pili, tangu kazi ya Carl Woese mwaka 1977 tumejua kwamba wao si bakteria halisi. Ni ukoo mwingine wa viumbe. Penisilini na ndugu zake hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, nao hawana ukuta wa namna hiyo. Mtu anaweza kumeza amoksisilini, majirani wengi wakaumia, wao wakaendelea na maisha yao. Kwa sababu hiyo wapimaji makini hupima gesi zote mbili. Ukipima haidrojeni peke yake unaweza kutangaza msiba wakati watu wako sokoni.

Sasa nirudi kwa Helicobacter pylori, kwa sababu ndiye aliyekileta kipimo cha pumzi Kivu. Yeye haishi katika utumbo mpana pamoja na hao wengine, anaishi katika tumbo lenyewe, kwenye asidi ambayo madaktari waliamini kwamba hakuna bakteria anayeiweza. Robin Warren, wa Hospitali ya Royal Perth nchini Australia, alimwona kwa darubini mwaka 1979. Mwenzake Barry Marshall alijaribu kumkuza maabara na kushindwa mara nyingi, hadi Pasaka ya mwaka 1982, ambapo kwa ajili ya sikukuu sahani zilisahaulika kwenye joto kwa siku kadhaa kuliko kawaida. Bakteria huyu alikuwa mvivu wa kukua, basi. Alihitaji tu kuachwa.

Watu hawakumwamini Marshall aliposema kwamba bakteria huyu ndiye chanzo cha vidonda vya tumbo. Mwaka 1984 alichunguzwa kwanza tumbo lake likaonekana zima, kisha akanywa kikombe cha bakteria. Baada ya siku chache alianza kutapika, na watu wa nyumbani kwake wakaona kwamba mdomo wake unanuka vibaya. Siku ya 10 mpira ulipoingizwa, bakteria walikuwemo na tumbo lilikuwa limevimba. Yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Katika masimulizi haya kila mtu hukumbuka kikombe. Mimi nakumbuka zaidi ule mdomo, kwa sababu habari zilitoka kwa pumzi kabla madaktari hawajaingiza mpira.

Bakteria huyu anajilinda dhidi ya asidi kwa kimeng'enya kinachovunja yurea, na yurea ikivunjwa hutoa amonia na hewa ya ukaa. Mwaka 1987 David Graham, Peter Klein na wenzao kule Houston waliitumia tabia hiyo kumnasa. Kaboni ya kawaida ina uzito wa 12, na kiasi cha asilimia 1 tu ni ya uzito wa 13. Ukimpa mgonjwa yurea iliyotengenezwa kwa kaboni ya 13, na baada ya nusu saa hivi kaboni hiyo ikatokea kwa wingi katika pumzi yake, basi kuna mtu ndani aliyeivunja. Tumbo la binadamu halina kimeng'enya hicho.

Na Glupczynski? Kabla ya tafiti za Kivu alikuwa ameshachapisha, mwaka 1988, jaribio la kuwapa wagonjwa amoksisilini peke yake, huku wengine wakipewa dawa bandia bila mtu kujua nani amepewa nini. Wengi waliopewa dawa walionekana hawana bakteria mara tu dozi ilipokwisha. Wiki chache baadaye wengi wao walikuwa nao tena. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Bakteria walikuwa wamepungua hadi wasionekane, wala hawakuwa wameisha. Kutokana na matokeo ya namna hii ilijengwa kanuni inayofuatwa hadi leo: baada ya dawa za kuua bakteria, subiri angalau wiki 4 ndipo upime, na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli ziachwe wiki 2 kabla ya kipimo. Ukipuliza mapema, pumzi itakuwa safi na itakudanganya.

Shangazi yangu anayeuza samaki Kamembe hakubali kanuni hiyo. Alipewa dozi ya siku 10 kwa vidonda vya tumbo. Siku ya 4 maumivu yalikwisha, naye akaziweka kando zilizobaki kwa ajili ya siku mbaya. Nilipomweleza habari za kungoja wiki 4 na kupimwa tena alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," aliniambia, "tumbo ni langu, na limenyamaza. Wewe unataka niliulize nini tena?" Sikuwa na jibu la kumshinda, maana hata wataalamu wa mwaka 1988 wangeweza kusema hivyohivyo kama wangefunga daftari siku dozi ilipokwisha. Dawa zilizobaki alimpa jirani mwenye kikohozi.

Watu wa ziwa hili walikuwa wameshaona mwisho wa njia hiyo, na si kwa vidonda vya tumbo. Kati ya 1980 na 1982 mlipuko wa kuhara damu ulipita mashariki ya Zaire. Bakteria wake, Shigella, alikuwa amebeba usugu dhidi ya dawa kadhaa, na mwaka 1981 usugu huo uliandikwa katika jarida la Lancet. Kigali nako, wataalamu waliokusanya sampuli za Shigella kuanzia 1983 hadi 1993 waliona idadi ya wale sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja ikiongezeka. Halafu ukaja mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakimbizi waliovuka kuingia Goma mwezi Julai walikuwa kati ya 500,000 na 800,000. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu, na baadaye kwa kuhara damu kulikosababishwa na Shigella aliyezizoea dawa za kawaida. Wengine walivuka hapa kwetu, kwenda Bukavu.

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu hii alisema kwamba kuzungumzia pumzi mbele ya Goma ni kukosa adabu. Namwelewa. Mtu anayekufa kwa kukauka maji anahitaji maji safi, chumvi na sukari, hahitaji kupuliza popote. Lakini usugu uliokutwa Goma haukuzaliwa mwezi Julai. Ulikuwa umejengwa kidogo kidogo kwa miaka, katika nyumba na zahanati, kwa dozi zilizotolewa bila mtu yeyote kujua kama zimeua au zimewapunguza tu waliokuwa wadhaifu. Kazi ya kuwauliza bakteria ilipaswa kufanywa wakati wa amani, na katika vijiji vya Kivu ilikuwa imeanza miaka 2 au 3 tu kabla.

Kwamba inawezekana vijijini si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Khin-Maung-U na wenzake walichapisha tafiti za pumzi ya haidrojeni ya watoto wa vijiji vya Burma, watu wa wali kama wenzetu wa Bugarama, kuona kama bakteria wamezidi katika utumbo mwembamba na kama wanga wa mchele unapotea bila kuyeyushwa. Mtoto ambaye angelia akiona sindano anakubali kupuliza, anaona ni mchezo.

Rwanda imechukua njia nyingine. Utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Butare, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba takriban watu 3 kati ya 4 waliochunguzwa kwa mpira walikuwa na Helicobacter pylori. Kisha, kuanzia Novemba 2015 hadi Oktoba 2016, wagonjwa 299 katika hospitali moja kubwa nchini waligawanywa katika makundi manne, kila kundi na mchanganyiko wake wa dawa kwa siku 10. Baada ya wiki 4 hadi 6 walipimwa tena, lakini si kwa pumzi. Ilitafutwa alama ya bakteria katika choo. Dawa zilikuwa zimefaulu kwa asilimia 80 hivi. Ukigeuza hesabu hiyo, mtu 1 kati ya 5 alimaliza dozi, pengine akajisikia vizuri kama shangazi, na bakteria wakabaki.

Nilipenda kuona kwamba walingoja hizo wiki. Kanuni iliyotoka kwenye majaribio ya zamani imefika hapa hata kama mashine ya pumzi haikuandamana nayo. Kipimo cha choo ni kizuri, sikidharau. Ila nimewasikia watu wazima wa hapa wakisema wako tayari kurudi na maumivu kuliko kubeba kikopo hicho mbele ya karani wanayesali naye kanisa moja. Mashine ya kupima kaboni ya 13 ni ghali, na yurea yake pia ina bei. Lakini mashine hailazimiki kuwa mahali alipo mgonjwa. Pumzi iliyopulizwa ndani ya kichupa cha kioo na kufungwa vizuri haiozi wala haihitaji barafu. Inaweza kukaa kwa siku nyingi na kutumwa mbali kama barua. Mgonjwa wa Nkanka au Bweyeye angepuliza vichupa viwili kwenye kituo chake cha afya, kimoja kabla ya kunywa yurea na kingine baada ya nusu saa, na vichupa hivyo vikapanda basi la asubuhi la Kigali.